Ndege Wetu Ana Jina la Mzungu na Ramani Yake Bado Haijaisha

Wasee, leo sina siasa wala mziki. Ni ndege. Ngoja kwanza, usipite.

Kuna ndege anaitwa Hinde's Pied-babbler. Dunia nzima anapatikana Kenya peke yake, na si Kenya yote. Ni kipande tu cha nchi kinachoanza upande wa Machakos, kinazunguka chini ya Mlima Kenya kupitia Kirinyaga na Embu, kinafika Meru. Hapo ndio kwao, hana kwingine. Ni mkubwa kama njiwa mdogo, ana macho mekundu, manyoya meusi yenye mabaka meupe ambayo hayana mpangilio wowote, mpaka ndugu wawili wa kundi moja hawafanani. Hutembea kwa kikundi, hula chini kwa vichaka, na kelele yao ni kama makanga wa stage wakigombania abiria mmoja. Watoto hulelewa na kundi lote.

Kuna watu hukata tiketi ya ndege (ile ya chuma) kutoka Ulaya kuja kumtafuta huyu mtu kwa mashamba ya kahawa. Halafu sisi tumekua naye nyuma ya nyumba na hatujui ako na jina. Na jina lenyewe, sikiza hii.

Sidney Langford Hinde alikuwa daktari Mwingereza. Kabla afike huku alikuwa Kongo, akipigana upande wa Leopold dhidi ya Waarabu na Waswahili waliokuwa na biashara kule mashariki, na mwaka 1897 akaandika kitabu kuhusu hiyo vita. Baadaye akaja kuwa afisa wa serikali ya kikoloni huku kwetu. Akatuma ngozi za ndege London, na mwaka 1900 mtaalamu wa makumbusho ya Uingereza, Richard Bowdler Sharpe, akampa huyo ndege jina la kisayansi lenye neno hindei. Imeisha hivyo. Nani alimshika huyo ndege kule kichakani? Nani alimwonyesha daktari mahali pa kumpata? Lebo haisemi. Lebo husema mahali, tarehe, na jina la bwana mkubwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa sensa ya ndege wakati huo: unapiga risasi, unachuna, unajaza pamba, unaandika lebo, unatuma Ulaya. Na kila kitu kilisimama juu ya hiyo lebo. Ngozi bila lebo ya ukweli ni manyoya tu.

Sasa shika kiti, kwa sababu stori ya lebo ina mtu mwingine ambaye historia ya Embu inamjua vibaya. Richard Meinertzhagen. Afisa wa King's African Rifles, alifika nchi hii 1902. Mwaka 1904 alikuwa kwa misafara ya kijeshi iliyovamia watu wa upande huu wa Mlima Kenya, Embu ikiwemo, miaka miwili kabla Waingereza waiteke Embu kabisa 1906. Oktoba 1905 akiwa kule Nandi ndiye alimuua Koitalel arap Samoei, kwa mkutano ulioitwa wa amani. Huyo ndiye yeye. Na huyo huyo alikuwa shabiki mkubwa wa ndege. Aliishi hadi 1967 akisifiwa kama mtaalamu, na miaka ya 1950 makumbusho ya Uingereza ilipokea makusanyo yake ya ndege karibu 20,000.

Miaka ya 1990 watafiti wakaanza kuziangalia zile ngozi vizuri. Wakalinganisha jinsi zilivyoshonwa, pamba iliyotumika ndani, mkono wa mchunaji. Kumbe nyingi hakuwa amezikusanya yeye. Aliiba za watu wengine, hata kutoka kwa hiyo hiyo makumbusho, akatoa lebo za zamani, akaandika zake: mahali pa uongo, tarehe ya uongo. Kule India kuna bundi mmoja mdogo wa msituni ambaye hakuwa ameonekana kwa zaidi ya miaka 100. Watu walimtafuta wakamkosa, kwa sababu sehemu moja waliyoelekezwa ilitoka kwa lebo ya Meinertzhagen, na ilikuwa fiksi. Mwaka 1997 Pamela Rasmussen na wenzake wakaamua kuipuuza hiyo lebo, wakafuata zile za kuaminika peke yake. Wakampata.

Sikuleti hii stori kwa sababu ya udaku. Naileta kwa sababu ukisikia mtu anasema "rekodi ya ndege", hicho ndicho kitu chenyewe: ni nani, aliona nini, wapi, lini, na kama alisema ukweli. Haihitaji cheo. Yule mwenye cheo na medali ndiye alidanganya.

Kutoka bunduki hadi kuhesabu kwa macho ilichukua muda. Marekani walikuwa na mchezo wa Krismasi ambapo timu mbili zinaenda msituni na inayoua wanyama na ndege wengi ndiyo mshindi. Tarehe 25 Desemba 1900 jamaa anaitwa Frank Chapman akasema, kwani tukiwahesabu tu? Watu 27 wakatoka wakahesabu. Hiyo hesabu bado inafanywa kila mwaka hadi leo. Waingereza nao, kati ya 1968 na 1972, waligawanya kisiwa chao kwa miraba ya kilomita 10 kwa 10, maelfu ya watu wakajitolea kila mmoja na mraba wake, na 1976 kitabu cha ramani kikatoka. Hapo ndipo lile wazo lilishika: ukitaka kujua ndege wa nchi nzima, usitume profesa mmoja. Gawanya nchi, gawia watu.

Kenya ilikuwa tayari na chama cha watu wa mambo haya tangu 1909, kile ambacho leo tunakiita Nature Kenya. Miaka ya 70 na 80 mwanzoni, rekodi za nchi nzima zikakusanywa, na mwaka 1989 Adrian Lewis na Derek Pomeroy wakatoa A Bird Atlas of Kenya. Ni kitabu kinene cha kutosha kuzuia mlango usifungwe na upepo. Zaidi ya aina 1,000 za ndege zimo, nyingi na ramani zake. Heshima kwao, hiyo ni kazi ya jasho. Wakati huo hakuna simu, hakuna setilaiti ya kukuambia uko wapi, unaandika kwa karatasi unatuma kwa posta.

Lakini wacha nikuonyeshe miraba yao. Kila mraba ulikuwa nusu digrii kwa nusu digrii, yaani kama kilomita 55 kwa 55. Nimechukua ramani nikachora hiyo mistari mwenyewe. Mji wa Meru, Maua na Isiolo zote zinaangukia mraba mmoja. Embu town inaangukia mraba mmoja na Murang'a town.

Fikiria hiyo. Umewahi kutoka Meru ukishuka Isiolo? Unatoka kwa baridi na miti mirefu ya Imenti umevaa sweta, unashuka, na kabla mat ifike stage umeshaivua, nje ni vumbi na miiba na ngamia. Ongeza Nyambene na mashamba ya miraa ya Maua. Hizo zote kwa kitabu ni doa moja. Ndege wa msitu wa mvua na ndege wa jangwani wamewekwa nyumba moja kama wapangaji wa ploti. Ukiuliza kitabu "huyu ndege anaishi Meru?" kinakujibu "ndio, mahali fulani kati ya barafu na ngamia".

Na hiyo si hesabu ya kuchekesha tu, kwa sababu angalia ni nini kilikuwa kinaendelea miaka hiyo hiyo. Kindaruma ilimalizika 1968. Kamburu 1974. Gitaru 1978. Masinga 1981. Kiambere 1988. Mabwawa ya Seven Forks, yote kwa mto Tana, Mbeere ikiwa ukingoni mwake. Umeme unaochaji simu unayosomea hii posti kuna sehemu yake inatoka hapo, kwa hivyo sisemi yasingejengwa. Nasema mabonde yalienda chini ya maji wakati ule ule ramani ya kwanza ilikuwa inachorwa, na miraba ilikuwa mikubwa kiasi kwamba ramani haiwezi kukuambia bonde gani lilikuwa na ndege gani. Doa la mraba linabaki pale pale hata kama nusu ya mraba imekuwa ziwa.

Pia tuseme ukweli kuhusu nani alikuwa anajaza hizo karatasi. Wengi walikuwa wazungu waliokuwa wanaishi hapa, watu wenye gari, darubini na Jumapili ya kupumzika. Siwalaumu kwa kupenda ndege. Lakini ramani iliyojazwa na watu wa gari hufuata barabara na hufuata hoteli. Inakuonyesha ndege, na pia inakuonyesha petroli ilifika wapi.

Hiyo imebadilika, na si juzi. Miaka ya 90 kulikuwa na kizazi cha Wakenya pale makumbusho ya Nairobi walioshika hii kazi. Mwaka 1999 Leon Bennun na Peter Njoroge walitoa kitabu kinachotaja maeneo 60 muhimu kwa ndege nchini. Msitu wa Mlima Kenya umo, Meru National Park imo, Mwea National Reserve kule Mbeere imo. Ila kilichonifurahisha ni Kianyaga na Mukurweini. Hizo si mbuga. Ni mabonde ya watu, kahawa, ndizi, ng'ombe mmoja amefungwa kwa kamba. Yaliingia kwa sababu ya yule ndege wetu mwenye jina la daktari.

Na huko ndiko watafiti waligundua kitu cha ajabu. Huyu ndege anahitaji kichaka kizito cha kujificha na kujenga. Vichaka vya asili vimefyekwa vikawa mashamba, kwa hivyo akahamia kwa lantana. Unaijua lantana, hata kama hujui jina: ile ya maua madogo ya rangi mbili tatu, na matunda meusi tuliyokula tukiwa wadogo mpaka ulimi ukawa mweusi. Lantana ilitoka Amerika, ni gugu, kila afisa wa kilimo anakuambia ing'oe. Ukiing'oa yote pale bondeni bila kuacha kichaka kingine, umefukuza kundi zima la ndege ambaye hana nchi nyingine ya kwenda. Hakuna ofisi Nairobi inaweza kujua ni lini wewe umefyeka kona yako. Anayejua ni jirani.

Sasa tuje kwa ramani mpya. Inaitwa Kenya Bird Map, ilianza miaka ya 2010, ikifuata mfano wa Afrika Kusini ambao walianza yao 2007. Ile miraba mikubwa imekatwa vipande. Mraba mmoja wa zamani sasa ni miraba 36, kila mmoja kama kilomita 9 kwa 9. Nchi nzima ni kama miraba 6,800. Meru na Isiolo hatimaye wamepata talaka.

Vile inafanya kazi ni rahisi mpaka nilidhani kuna kitu nimekosa. Unachagua mraba. Unatembea ndani yake angalau masaa mawili ya kutafuta kwa bidii, ukijaribu kupita kila aina ya mahali: mtoni, shambani, msituni, sokoni. Unaandika kila aina ya ndege unayemtambua, kwa mpangilio uliowaona, hata yule wa kawaida kabisa. Orodha yako inaweza kuendelea kuongezwa hadi siku tano, halafu unaituma. Kuna apu inaitwa BirdLasser, simu inashika mahali ulipo yenyewe hata bila bando, utatuma ukifika kwa waifai.

Utaniuliza, sasa hapo wamejuaje ndege ni wengi au wachache kama sijahesabu kichwa kwa kichwa? Hapa ndipo pana akili. Kama mraba mmoja umepata orodha 10 na ndege fulani yuko kwa 9, huyo ni wa kawaida pale. Kama yuko kwa 1, ni adimu au amejificha sana. Rudia baada ya miaka: alikuwa kwa 9 kati ya 10, sasa yuko kwa 3 kati ya 10. Kuna kitu kimetokea. Ndiyo maana wanakusihi uandike hata kunguru na kwarara. Ukiandika wale wa maana pekee, unaharibu hesabu. Na ukidai umeona kitu ambacho hakitarajiwi hapo, kuna wataalamu watakuuliza maswali kabla kikubaliwe. Wangekuwa na huo utaratibu na Meinertzhagen tungeokoa miaka.

Kuna wale watasema, buda, hii ni kazi ya bure. Ni kweli, hakuna anayelipwa. Mimi niliacha chuo, naishi kwa kontenti, najua thamani ya masaa mawili. Lakini tazama kile kazi ya bure ya zamani ilikuja kufanya. Miaka ya 70 Mfaransa mmoja, Jean-Marc Thiollay, alikuwa anaendesha gari kwa barabara za Kenya akihesabu ndege wawindaji: tai, mwewe, wale wa kucha. Aliandika, akaenda zake. Kati ya 2003 na 2020 watafiti, wakiwemo Darcy Ogada na Munir Virani, walirudia hesabu kama hizo. Matokeo yakatoka 2022. Kati ya aina 22 walizolinganisha, 19 zilikuwa zimepungua, na kwa hizo 19 upungufu wa katikati ulikuwa asilimia 70. Sumu, nyaya za stima, kukosa mahali pa kuishi.

Shosho wako amekuambia mara ngapi kwamba zamani mwewe walikuwa wengi, huwezi acha vifaranga nje? Ulimwambia ni nostalgia ya wazee. Alikuwa sawa. Ila maneno ya shosho hayawezi kupelekwa kwa kikao cha ripoti ya mazingira, yale madaftari ya Mfaransa yanaweza. Mradi mkubwa ukija leo, sheria inataka tathmini ya mazingira, na mtu wa tathmini hufungua kile kilichorekodiwa. Lile bwawa la High Grand Falls linalopangwa kule chini Tana, kati ya Tharaka na Kitui, likija kujengwa kweli, swali la ni nani aliishi hapo litajibiwa na orodha zilizokuwepo kabla, si na kumbukumbu baada.

Na shida yetu ni hapo kwa orodha. Fungua hiyo ramani mwenyewe. Nairobi imejaa, Naivasha imejaa, Watamu imejaa. Ukienda kaskazini na mashariki rangi inafifia, na mraba mtupu haumaanishi hakuna ndege. Unamaanisha hakuna aliyeenda na kuandika. Ukiangalia haraka hivyo vitu viwili vinafanana kabisa, na hiyo ndiyo inaniudhi kuliko yote. Mtu akitaka kusema "hapa hakuna kitu", mraba mtupu unamsaidia.

Wakati huo huo watu wanaojua wapo. Kuna vijana kule Mwea, hapa jirani tu, ambao hulipwa kushinda kwa mashamba ya mpunga wakifukuza kwelea kwa kombeo na kelele. Hao wanajua makundi yanatoka wapi, saa ngapi, mwezi gani. Kuna mtu wa nduthi anayepita Kiritiri kila asubuhi. Kuna mvunaji wa muguka ambaye masaa yake yote ni kwa kichaka. Tofauti yao na mtaalamu ni kitabu cha majina na darubini. Darubini ni pesa, hiyo siwezi kudanganya, lakini moja inaweza kuzunguka kwa watu sita. Majina ndiyo ugomvi wangu: apu inataka la Kiingereza. Kwa hivyo mtu anayemjua ndege tangu utotoni kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere lazima kwanza amtafute kwa picha ya Mzungu ndio ajue anaitwaje. Ningekuwa na mbogi ya kutengeneza kitu, ningeanza hapo. Picha, sauti, jina la Kiembu, jina la Kiingereza, dakika moja moja za video. Hiyo ni kontenti, na inaweza kufanywa na mtu ambaye hajawahi kuingia darasa la zoolojia.

Jumamosi hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa mtoni Rupingazi, upande wa town, na wengine wanne. Masaa mawili, tukimaliza ni chai na mandazi. Kama una darubini beba, kama huna kuja na macho na usivae rangi za kung'aa. Tayari tumewekeana kwamba namba moja kwa orodha itakuwa kwarara, kwa sababu hajui kunyamaza. Namba mbili ndio tunabishania.